Masikio Mawili na Sauti Itokayo Nyuma

Katika misitu ya milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, anaishi ndege ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Jina lake la kisayansi ni Malaconotus alius, nalo liliingia katika maandishi ya sayansi mwaka 1927. Ndege huyu hukaa juu kabisa ya miti mirefu, akafichwa na majani, hata watafiti humsikia mara nyingi zaidi kuliko wanavyomwona. Mtafiti husimama kimya, hugeuza kichwa kidogo kulia na kushoto, kisha hunyoosha kidole: yuko kule, juu ya mti ule. Hana chombo chochote isipokuwa masikio yake.

Huko chini mjini, kijana anacheza mchezo wa video huku amevaa hedifoni. Ghafla anasikia nyayo za adui nyuma yake, upande wa kushoto, naye anawahi kumgeuza mchezaji wake kabla hajapigwa. Nyuma ya kiti chake hakuna kitu ila ukuta. Sauti yote imetoka katika spika mbili ndogo, moja kwa kila sikio. Juu ya boksi la hedifoni hiyo pengine pameandikwa "7.1", na wapo wanunuzi wanaoongeza fedha nyingi wakidhani kwamba ndani yake mna spika saba. Wapo pia wasemao kuwa maandishi hayo ni ulaghai mtupu. Makundi yote mawili yamekosea, na ili kuelewa kosa lao yafaa kuanza na yule mtafiti wa msituni.

Tofauti ya wakati

Sauti itokayo upande wa kulia hufika katika sikio la kulia kwanza. Ili ifike katika sikio la kushoto lazima ikizunguke kichwa, na kwa mtu mzima mzunguko huo huongeza njia kwa sentimita 22 hivi. Katika hewa yenye joto la digrii 25 za Selsiasi sauti husafiri mita 346 kwa sekunde. Kwa hiyo tofauti kubwa kabisa kati ya masikio mawili ni karibu sehemu 640 za milioni ya sekunde. Huo ni muda mfupi mno. Lakini ubongo hutambua tofauti iliyo ndogo zaidi, hata ya sehemu 10 za milioni ya sekunde. Ndiyo sababu mtu aweza kupambanua sauti mbili zilizo mbele yake ambazo zimetengana kwa digrii moja tu.

Mwanafunzi aweza kuuliza kama hesabu hiyo hubadilika juu ya kilele cha Bondwa, kilicho zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko mjini. Wepesi wa hewa kwa wenyewe haubadilishi mwendo wa sauti. Kinachoubadilisha ni joto. Penye digrii 15 sauti huenda mita 340 kwa sekunde, yaani tofauti isiyofika asilimia mbili, na masikio hayaoni taabu yoyote.

Jambo hili laweza kupimwa darasani bila gharama. Huhitajika mpira wa kumwagilia maji wenye urefu wa mita moja na nusu, uliooshwa vizuri, na katikati yake patiwe alama ya wino. Mwanafunzi mmoja aketi na kushika ncha mbili za mpira penye matundu ya masikio yake, bila kuzisukuma ndani, na mpira upite nyuma ya mgongo wake. Mwenzake augonge mpira polepole kwa penseli, mahali mbalimbali karibu na ile alama, na kila mara aliyeketi aseme kama mgongo umetoka kulia au kushoto. Penseli ikisogea sentimita moja kutoka katikati, njia ya upande mmoja hupungua kwa sentimita moja na ya upande wa pili huongezeka kwa sentimita moja. Tofauti ni sentimita mbili, au sehemu 58 za milioni ya sekunde. Na wengi hutambua upande bila kusita. Ukubwa wa sauti katika ncha zote mbili ni karibu sawasawa, kwa hiyo hapo hutumika wakati peke yake.

Huenda ikatokea kwamba mwanafunzi mmoja anabahatisha tu, hata penseli inapogonga mbali na alama. Asichekwe. Mtu asiyesikia kwa sikio moja huweza kusoma miaka mingi bila kujulikana, kwa kuwa akiitwa huitika. Ila hajui aliyemwita yuko wapi, na kelele za darasa zikizidi humpotea maneno ya mwalimu. Mpira hauwi kipimo cha daktari, lakini unatosha kumfanya mwalimu apendekeze mtoto huyo apimwe hospitali na ampe nafasi ambayo sikio lake zima litamwelekea msemaji.

Kivuli cha kichwa na mikunjo ya sikio

Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza mwaka 1907 kwamba wakati si dalili pekee. Sauti nene ya mitetemo 200 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 1.7, ambalo hukizunguka kichwa kwa urahisi. Sauti nyembamba ya mitetemo 5,000 ina wimbi la sentimita 7. Hilo huzuiwa na kichwa, na sikio la upande wa pili hubaki kama lililo kivulini. Basi kwa sauti nene ubongo hutegemea zaidi wakati, na kwa sauti nyembamba hutegemea zaidi nguvu ya sauti.

Lakini dalili hizi mbili hazimalizi kazi. Sauti iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa hufika katika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile, na ndivyo ilivyo kwa sauti iliyo juu ya utosi. Hapo ndipo linapoingia sikio la nje, ile sehemu ionekanayo, ambayo wengi hudhani ni pambo tu. Mikunjo yake huirudisha sauti kidogo kabla haijaingia tunduni. Wimbi la mitetemo 7,000 lina urefu wa sentimita 5, karibu sawa na sikio lenyewe; kwa hiyo baadhi ya mitetemo huimarishwa na mingine hudhoofishwa, kulingana na mahali sauti inapotoka. Tangu utotoni ubongo hujifunza maana ya mabadiliko hayo. Bundi amefuata njia nyingine: bundi wenye uso mweupe wana tundu moja la sikio lililo juu kidogo kuliko jingine, nao humkamata panya gizani kwa kusikia tu.

Sikio la kuazima

Sasa kazi ya hedifoni yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwaka 1994 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliweka maikrofoni ndani ya masikio ya sanamu ya mtu, wakapiga sauti kutoka mahali 710 kuizunguka, na kuandika jinsi kila sauti ilivyobadilika njiani. Kompyuta ikiwa na orodha ya namna hiyo huweza kuchukua mlio wowote na kuupa mabadiliko yaleyale: kuuchelewesha upande mmoja, kuupunguza nguvu, na kuudhoofisha penye mitetemo inayostahili. Kiwambo cha sikio hupokea mitetemo ile ambayo kingepokea kama adui angekuwa nyuma kweli. Namba "7.1" maana yake ni njia saba za sauti pamoja na moja ya sauti nene sana, kila njia huchukuliwa kana kwamba ni spika iliyowekwa mahali fulani katika chumba cha kufikirika, kisha zote huchanganywa na kuwa mbili. Spika za kweli katika hedifoni nyingi za aina hii ni mbili tu, na zinatosha, maana masikio nayo ni mawili.

Ugumu ni kwamba sikio lililopimwa ni la mwingine. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi waliwawekea watu wachache vipande vilivyobadilisha umbo la masikio yao ya nje. Mara moja watu hao walishindwa kujua kama sauti iko juu au chini, ingawa kulia na kushoto walikutambua. Baada ya wiki kadhaa ubongo ulijifunza masikio mapya. Na vipande vilipoondolewa, masikio ya zamani yalikuwa hayajasahauliwa. Kwa sababu hiyo hedifoni ileile humpendeza mmoja, na mwenzake akalalamika kwamba nyayo zote zinasikika ndani ya kichwa chake.

Kuna na tatizo la kugeuka. Hans Wallach alionyesha mwaka 1940 kwamba mtu huondoa shaka ya mbele na nyuma kwa kugeuza kichwa, kama afanyavyo mtafiti wa Uluguru. Avaaye hedifoni ya kawaida akigeuka, ulimwengu wote wa sauti hugeuka naye, na dalili ile hupotea. Zile zenye kipimo cha mwendo wa kichwa hurekebisha jambo hili, na kwa haki hizo ndizo zinazostahili bei ya ziada kuliko namba zilizoandikwa juu ya boksi.

PlayStation 5, iliyotoka mwaka 2020, ilimpa mchezaji achague kati ya masikio matano yaliyopimwa. Mwenye mashine hiyo afumbe macho, ajaribu moja baada ya jingine, na achague lile linaloifanya sauti ya majaribio isikike usawa wa masikio yake, si juu wala chini. Akipata lililo karibu na lake, alizoee kwa siku kadhaa kabla ya kusema kwamba hedifoni ni mbovu.