Mita ya tokeni Siyu: faida ipi, gharama ipi?
Fundi wa viatu vya ngozi hapa Siyu akinunua tokeni za shilingi 100, stima yake ishalipiwa. Hakuna bili ya kukadiria mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo faida kubwa.

Gharama nayo ipo. Tokeni zikiisha usiku na simu haina netiweki, mtalala giza. Tena, kununua kidogo kidogo hakupunguzi bei: Kenya Power huangalia wastani wa matumizi ya miezi 3. Nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi ndiyo hulipa bei ya chini zaidi.

Tunashauri hivi: nunua kabla mita haijafika sifuri, hakikisha namba ya mita kabla ya kuweka PIN, na usifute ile SMS yenye tarakimu 20.