Mtu akipotea, simu zetu zinamsaidia au zinamharibia?

Wengi wetu tuliotoka Mutakura, Cibitoke, Musaga au Nyakabiga tuna jina moja ambalo halitutoki moyoni. Ni kaka, mume, mtoto au jirani aliyetoka nyumbani mwaka 2015 au 2016 na hakurudi. Na wengi tumeshapokea ujumbe wa WhatsApp wenye picha na neno moja: "Ameonekana." Leo yuko gerezani, kesho ni maiti mtoni, kesho kutwa yuko Kampala amejificha. Makala hii inaeleza jinsi maneno hayo yanavyozaliwa, madhara yanayoleta, na njia bora ya kutafuta.

Kwa nini tulianza kutegemea simu

Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalianza tarehe 26 Aprili 2015, na Mutakura ilikuwa mstari wa mbele. Tarehe 13 Mei kukawa na jaribio la mapinduzi, likashindwa. Katika siku hizo redio kubwa za binafsi, zikiwemo RPA, Bonesha FM na Isanganiro, zilishambuliwa na kunyamazishwa. Watu waliozoea kuwasha redio asubuhi wapate kujua nani kakamatwa na wapi, wakabaki na simu tu.

Baadhi ya waandishi walianza kutuma habari kupitia mitandao, na SOS Médias Burundi ilizaliwa wakati huo. Watetezi wa haki wa FOCODE walianzisha kampeni ya Ndondeza, neno la Kirundi lenye maana ya "nitafutie", ili kuchunguza kisa kimoja kimoja cha waliopotezwa. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini kwenye simu hizo hizo kila mtu akawa mpelelezi, hata asiyejua lolote.

Kisa cha Jean Bigirimana

Jean Bigirimana alikuwa mwandishi wa gazeti la Iwacu. Tarehe 22 Julai 2016 alitoka nyumbani kwake Bujumbura, na habari za mwisho zinamweka Bugarama, mkoa wa Muramvya. Gazeti lilipigiwa simu na mtu asiyejitaja, akisema Jean amechukuliwa na watu wa upelelezi. Serikali ilikana kumshikilia.

Wenzake wa Iwacu hawakukaa kubahatisha. Walikwenda Bugarama wenyewe, wakauliza wenyeji, wakashuka mpaka bonde la mto Mubarazi. Mwezi Agosti miili miwili ilitolewa katika mto huo. Hapo ndipo kila mtu mwenye simu angeandika, "Jean amepatikana." Lakini mke wake alipoitwa kuangalia, alisema hakuna kati yao aliye mume wake.

Kama wangetangaza kifo kabla ya mama huyo kuangalia, msako ungeishia pale, na watoto wangelia kwenye kaburi la mtu mwingine. Pia tukumbuke kwamba miili ile miwili nayo ilikuwa na mama zao. Baadaye mke wa Jean alipata vitisho, akakimbia nchi na watoto wake. Jean hajapatikana hadi leo.

Kaburi la Mutakura

Mwishoni mwa Februari 2016 Meya wa Bujumbura, Freddy Mbonimpa, aliwaonyesha waandishi kaburi la pamoja huko Mutakura, akasema waliozikwa humo waliuawa na wapinzani wa serikali. Wapinzani na watetezi wa haki kwa upande wao walikuwa wakivishutumu vikosi vya serikali kwa mauaji na makaburi ya siri jijini. Familia ya mtu aliyepotea ilijikuta katikati, kila upande ukiwa na hadithi yake.

Kaburi halisemi lenyewe. Mtu hutambuliwa kwa meno, kwa nguo, kwa vitu alivyovaa, au kwa kipimo cha DNA kinacholinganishwa na damu au mate ya ndugu zake. Picha ya mifupa kwenye simu haiwezi kukuambia kama yule ni mwanao. Anayesema anaweza kumtambua kwa picha hiyo anabahatisha, hata kama nia yake ni njema.

Madhara manne ya kubahatisha

La kwanza ni utapeli. Marie-Claudette Kwizera, mweka hazina wa Ligue Iteka, alichukuliwa Bujumbura tarehe 10 Desemba 2015. Familia yake ilitoa pesa kwa mtu aliyeahidi kumrudisha. Hakurudi. Matapeli husoma yale tunayoandika: jina la mtoto, kovu la mguuni, rangi ya shati. Kisha wanapiga simu na kuyataja yale yale kama uthibitisho, na mama anauza mgawo wake wa chakula ili atume pesa.

La pili ni hatari kwa walio hai. Ukiandika "alionwa na fulani wa avenyu ya tano", umemtaja shahidi ambaye bado analala Mutakura. Ujumbe mmoja tu wa simu unaweza kumfunga mtu. Mwezi Oktoba 2019 waandishi wanne wa Iwacu walikamatwa wakienda Bubanza kufuatilia mapigano. Ujumbe wa mzaha wa WhatsApp kwamba wanakwenda kuwasaidia waasi ulitumiwa mahakamani dhidi yao. Walihukumiwa miaka miwili na nusu, wakaachiliwa kwa msamaha Desemba 2020.

La tatu ni kuharibu ushahidi. Tarehe 25 Oktoba 2017 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliruhusu uchunguzi kuhusu Burundi, na kupoteza watu kwa nguvu ni moja ya makosa yaliyotajwa. Shahidi aliyesoma hadithi ile ile mara ishirini kwenye simu huanza kuchanganya aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasoma. Wakili wa upande wa pili atamuuliza, naye atashindwa kutenganisha.

La nne ni kidonda cha familia. Kila "ameonekana" inamfufua mtu, na kila "si yeye" inamuua tena.

Njia za kutafuta

Anza na Msalaba Mwekundu. Wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana, na ni bure. Mtu yeyote akikuomba pesa kwa huduma hiyo, mkatalie. Unaeleza habari za ndugu yako kwa siri, na hazitangazwi bila idhini yako.

Kama unaamini ndugu yako alichukuliwa na watu wa serikali au kwa ridhaa yao, kuna Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliopotezwa kwa nguvu, kilichoanzishwa mwaka 1980, chenye ofisi Geneva. Familia inaweza kupeleka malalamiko bila malipo na bila wakili. Shirika la haki za binadamu linaweza kuandika kwa niaba yenu, mkikubali.

Ukipokea ujumbe kuhusu mtu aliyepotea, jiulize: aliyeandika aliona kwa macho yake, au naye aliletewa? Familia imejulishwa? Kuna jina la mtu aliye hai ambalo linaweza kumletea shida? Kama huna majibu, usiutume mbele. Mpe familia yenyewe, faraghani, uiache iamue.

Na ukitaka kutangaza picha ya ndugu yako, weka machache: jina, picha ya uso, siku na mahali alipoonekana mwisho. Bakiza siri moja, kama vile kovu au pete, isiyojulikana na mtu nje ya familia. Siku mtu akikupigia simu, muulize hiyo. Tapeli hataijua.

Daftari moja la familia

Mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi sita ya pamoja mkoani Karuzi na kutoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Wengi walihusishwa na mauaji ya mwaka 1972. Baada ya karibu miaka 48, baadhi waliweza kutambuliwa kwa nguo, miwani na rozari zao.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika leo nguo aliyovaa siku ile, viatu, jino lililong'olewa, mfupa uliowahi kuvunjika, nani alimwona, saa ngapi. Andika nani katika familia yuko hai na anaweza kutoa damu au mate ya kupimwa. Wasomee watoto, kwa sababu huenda wao ndio watakaoulizwa. Simu hupotea, vikundi hufutwa, lakini daftari hilo lifunge kwenye nailoni na ulitunze pamoja na karatasi zako za ukimbizi.