Silaha za Ayari na Hesabu ya Nafasi ya Pili

Wafuga nyuki wa Mitundu, kwenye barabara itokayo Itigi kuelekea Rungwa mkoani Singida, wanaye jirani mmoja wasiyempenda. Jirani huyo ni nyegere. Kwa umbo si mnyama wa kutisha, maana aghalabu uzito wake hauzidi kilo 14. Lakini huvunja mizinga, hula asali pamoja na majana ya nyuki, na huthubutu kukabiliana na wanyama wanaomzidi nguvu mara nyingi. Kuuning'iniza mzinga kwa waya katika tawi, mbali na shina, ni njia mojawapo ya kumzuia mwizi huyu.

Tukiuliza nguvu zake ziko wapi, wengi watataja meno na kucha. Jibu hilo ni sahihi, ila halijakamilika. Nyegere ana ngozi nene, na tena imelegea mwilini. Adui amkamatapo shingoni, nyegere huweza kujigeuza ndani ya ngozi yake mwenyewe na kumwuma yule aliyemshika. Ngozi hiyo peke yake haimdhuru adui hata kidogo. Kazi yake, mbali ya kinga, ni kuyapa meno nafasi ya pili pale ambapo nafasi ya kwanza imekwisha kupotea.

Je, nafasi ya pili ina thamani gani? Kwa mnyama wa porini ni vigumu kupata jibu la tarakimu. Lakini uko mchezo mmoja ambamo swali hilo hilo hujitokeza kila siku, nao hujibiwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu.

Mchezo wenyewe ni ule wa kuigiza wahusika mezani. Wachezaji wachache huketi pamoja; mmoja wao ni mwongozaji, naye husimulia mahali na matukio; kila mmoja wa wengine humwongoza mhusika ambaye uwezo wake umeandikwa kwa tarakimu katika karatasi. Mhusika akijaribu jambo lenye mashaka, dadu hurushwa ili kuamua kama amefaulu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kuchapishwa mwaka 1974. Mwanzoni ulikuwa na makundi matatu tu ya wahusika: wapiganaji, wachawi na makasisi. Mwizi aliongezwa katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1975. Katika toleo la mwaka 2000 kundi hilo lilipewa jina pana zaidi, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri kwa neno ayari, yaani mtu wa hila na ujanja.

Ayari hana mwili wa mpiganaji wala elimu ya mchawi. Anayo shambulio la kuvizia. Kwa kanuni za toleo la mwaka 2014, ambazo ndizo tutakazozitumia hapa, ayari akimpiga adui asiye tayari, au adui aliyekwisha kabiliwa na mwenziwe kwa karibu, huongeza madhara ya ziada juu ya yale ya silaha yake. Mwanzoni ziada hiyo ni dadu moja ya pande 6. Anapofika daraja la 9 huwa dadu tano. Sharti lake ni moja, nalo ndilo kiini cha makala haya: ziada hupatikana mara moja tu katika zamu, hata kama mapigo yaliyompata adui ni mawili.

Sasa tuweke tarakimu. Ayari wetu anapigana kwa upanga mfupi. Ili kujua kama pigo limempata adui, hurusha dadu ya pande 20, kisha huongeza 5 kwa sababu ya wepesi na mafunzo yake. Deraya ya adui ni 14. Basi dadu ikionyesha 9 au zaidi, pigo limefika. Namba hizo ni 12 kati ya 20, yaani uwezekano wa 0.6. Upanga mfupi huleta madhara ya dadu moja ya pande 6, ambayo wastani wake ni 3.5, na wepesi huongeza 3, jumla 6.5. Shambulio la kuvizia huongeza 3.5. Pigo lililofika lina wastani wa pointi 10, na kwa kuwa hufika mara 6 katika kila mara 10, thamani tarajiwa ya zamu moja ni 6. (Kanuni ya kuzidisha madhara dadu ionyeshapo 20 tumeiacha kando, haibadilishi hoja, bali inarefusha hesabu.)

Kanuni humruhusu ayari kushika upanga mfupi wa pili katika mkono wa kushoto na kupiga tena katika zamu ile ile. Pigo hilo la pili ni dhaifu, kwani halipati ile nyongeza ya 3. Lina wastani wa 3.5 tu. Mchezaji mgeni hulidharau. Tuhesabu. Upanga wa kwanza peke yake huleta 0.6 × 6.5, yaani 3.9. Wa pili huleta 0.6 × 3.5, yaani 2.1. Na shambulio la kuvizia je? Hilo hupotea iwapo tu panga zote mbili zimekosa, jambo ambalo uwezekano wake ni 0.4 × 0.4, au 0.16. Kwa hiyo hupatikana kwa uwezekano wa 0.84, na thamani yake huwa 2.94. Jumla ni 8.94.

Faida ya upanga wa pili ni 2.94. Katika hiyo, 2.1 ni ya makali yake wenyewe, na 0.84 ni ya bima: kuokoa shambulio la kuvizia ambalo lingepotea. Sasa mpandishe ayari hadi daraja la 9 bila kubadili jambo jingine lolote, ili ziada ya kuvizia iwe na wastani wa 17.5. Makali ya upanga wa pili yanabaki 2.1 vile vile. Bima yake imepanda kutoka 0.84 hadi 4.2. Upanga ni ule ule na mkono ni ule ule, ila kinachokingwa kimekuwa kikubwa, kama ile ngozi ya nyegere ambayo thamani yake hutegemea ukali wa meno.

Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili darasani pasipo dadu yoyote ya kigeni. Vikaratasi 20 vyenye namba, vikitiwa katika kopo, vinatosha. Na vingine 6 katika kopo la pili. Kila kundi na licheze zamu 50 kwa upanga mmoja na 50 kwa panga mbili, kisha lilinganishe wastani wake na ule tulioupata. Tahadhari moja ni ya lazima: kikaratasi kilichotolewa kirudishwe koponi kabla ya kuchota tena. Kisiporudishwa, uwezekano wa kukosa mara mbili unakuwa 8/20 × 7/19, ambao ni kama 0.147 badala ya 0.16. Tofauti ni ndogo, na ndiyo maana ni rahisi kosa hilo kupita bila kuonekana. Wanafunzi waliokwisha soma uwezekano wa matukio huru na yasiyo huru wataikuta hapa tofauti hiyo wakiishika kwa mkono.

Walio mbele zaidi waipe nafasi ya kupiga herufi p. Pigo moja hufaulu kwa p. Angalau moja kati ya mawili hufaulu kwa 1 – (1 – p)², na ukitoa p hubaki p(1 – p). Hicho ndicho kipimo cha nafasi ya pili. Wakichora mchoro wake wataona kilele kiko penye p = 0.5, ambapo thamani ni 0.25. Kwa adui apigikaye kirahisi, tuseme p = 0.9, nafasi ya pili huongeza 0.09 tu; kwa adui mwenye deraya nzito, p = 0.2, huongeza 0.16. Bima huwa na kazi kubwa zaidi pale ambapo mambo yako nusu kwa nusu.

Kuanzia daraja la 2 ayari hupata chaguo jingine. Badala ya kupiga kwa mkono wa kushoto, aweza kutumia nafasi hiyo kujificha. Akifaulu, hurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba iliyo kubwa. Uwezekano wa kumpata adui unakuwa 0.84, tarakimu ile ile tuliyokwisha iona, na si kwa bahati: kurusha mara mbili ni kurusha mara mbili, iwe kwa panga mbili au kwa upanga mmoja. Thamani yake ni 0.84 × 10, yaani 8.4. Imepungukiwa na panga mbili kwa 0.54, na upungufu huo haubadiliki hata ziada ya kuvizia ikiongezeka kadiri gani, kwa sababu njia zote mbili huilinda kwa kiasi kimoja. Kwa maoni yangu 0.54 ni bei nafuu ya kutoonekana na adui mwenye rungu.

Lakini kujificha kunaweza kushindikana. Tuchukulie kwamba hufaulu nusu ya nyakati. Mwenzake akiwa tayari amemkabili adui, ayari aliyeshindwa kujificha bado ana pigo lake la kawaida lenye thamani ya 6, na wastani wa njia hii unakuwa 7.2, panga mbili zinashinda kwa mbali. Akiwa peke yake hali inageuka. Hana mwenzi wa kumshughulisha adui, hivyo panga mbili hazipati ziada ya kuvizia hata mara moja, na thamani yake inashuka hadi 6. Kujificha humpa 8.4 akifaulu na 3.9 akishindwa, wastani 6.15. Katika daraja la 2 tofauti hiyo haifiki hata robo ya pointi. Katika daraja la 9 panga mbili za ayari aliye peke yake zinabaki 6, na kujificha, hata kukishindikana nusu ya nyakati, kunaleta 12.03.