Hesabu za Huduma Wilayani: Nani Aliyezihesabu?

Mara nyingi tunasikia redioni, au katika hotuba ya mkubwa fulani, kwamba watoto wa wilaya fulani karibu wote wamechanjwa, kwamba shule zimejaa wanafunzi, kwamba wizi umepungua. Wengi wetu huipokea hesabu kama amri iliyotoka makao makuu, isiyoulizwa. Lakini hesabu si amri. Hesabu ni taarifa, na kila askari anajua kwamba taarifa haiwezi kupimwa mpaka ijulikane imeletwa na nani, ameona nini, na alikuwa amesimama wapi alipoona.

Leo tunapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi mahali zinapotoka takwimu za huduma za jamii hapa Uganda. Jambo hili linawahusu zaidi kuliko wanavyodhani.

Chimbuko la kwanza ni sensa. Sensa ya mwaka 2014 ilipata watu milioni 34.6, na ile ya Mei 2024 ikapata milioni 45.9. Katika sensa zetu mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa sensa. Kwa hiyo askari aliye lindoni Moroto, huku mkewe na watoto wakiwa Mbale, huhesabiwa Moroto, na jamaa zake huhesabiwa Mbale. Hilo si kosa, ni kanuni. Ila anayesoma hesabu ya wilaya yenye kambi kubwa lazima aikumbuke kanuni hiyo.

Chimbuko la pili ni daftari la kazi. Muuguzi huandika kila mgonjwa anayemhudumia, na mwisho wa mwezi hujumlisha na kupeleka fomu wilayani. Mwalimu naye huhesabu wanafunzi wake. Madaftari haya yana faida kubwa, kwani huandikwa kila siku na kila mahali. Lakini yanamjua yule tu aliyefika mlangoni. Mama aliyejifungulia nyumbani akafariki hayumo katika daftari la zahanati.

Hapo ndipo unapotokea mshangao wa wilaya kutangaza kwamba imechanja asilimia 110 ya watoto wake. Tuchukue mfano. Wilaya imekadiriwa kuwa na watoto 500, kwa kufuata sensa iliyopita. Vituo vyake vimechanja watoto 550, kwa sababu kina mama wa wilaya jirani wamevuka mto kufuata huduma iliyo karibu, au kwa sababu watu wameongezeka tangu sensa. Pengine hakuna aliyesema uongo. Juu ya mstari pana hesabu ya muuguzi, chini yake pana makadirio ya sensa, na hizo mbili hazikutoka mahali pamoja.

Chimbuko la tatu ni uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, ambamo kaya chache huteuliwa ili ziwakilishe nyingi. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2016 wanawake 18,506 waliulizwa habari za uzazi na za watoto wao. Kwa njia hiyo ilikadiriwa kwamba katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kina mama 336 walikuwa wakifa kwa sababu za uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 189. Njia hii humfikia hata yule asiyefika hospitali. Hata hivyo hesabu hiyo ni ya nchi nzima. Haituambii lolote juu ya kata moja, na anayeitumia kuisifu au kuilaumu kata yake anaipotosha.

Sasa tufike kwenye jambo linalowagusa askari wenyewe. Uchunguzi wa afya wa mwaka 1988 na 1989 uliacha wilaya 9 kati ya 34 zilizokuwapo, kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Ule wa mwaka 2000 na 2001 uliziacha Gulu, Kitgum, Kasese na Bundibugyo kwa sababu hiyo hiyo. Ni mwaka 2006 tu ambapo uchunguzi huo ulifika nchi nzima, hata katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini. Tafakari maana yake. Watoto waliokuwa taabuni kupita wote ndio hasa waliokosekana katika wastani wa taifa. Palipokosekana usalama hapakuwa na karani, na pasipo karani mateso hayakuwa na hesabu. Askari anayelinda njia ya karani anafanya kazi ya afya na ya elimu pia.

Tena madaftari mawili yakilinganishwa, ukweli hujitokeza. Mwaka 1996 wachunguzi walikwenda katika shule 250 kuuliza juu ya fedha za matumizi ya wanafunzi. Hesabu za serikali kuu zilionyesha kwamba fedha zimetoka. Madaftari ya shule yalionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, asilimia 13 tu ndiyo iliyofika. Baadaye serikali ikaanza kutangaza magazetini na kubandika shuleni kiasi kilichotolewa, na mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilionekana kufika. Wazazi walikuwa wamepata cha kuulizia.

Polisi nao ni makarani wa taifa. Hesabu ya makosa ya kila mwaka huanzia katika daftari la matukio kituoni. Mwanamke aliyepigwa, kisha akarudishwa nyumbani bila kuandikwa, hatapatikana katika taarifa yoyote, na mwisho wa mwaka itasemwa kwamba ukatili umepungua. Kumbe kilichopungua ni wino.

Kwa hiyo, ndugu askari, unaposikia hesabu, uliza mambo manne: imetoka katika daftari gani, ni ya mwaka gani, inahusu eneo gani, na ni nani aliyeachwa nje. Na unaposhika kalamu wewe mwenyewe, iwe kaunta ya polisi au zahanati ya kambi, andika kilichotokea, si kile atakachopenda mkubwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata watu huweza kwisha bila habari, ikiwa mwenye daftari hakuandika.