Vitabu Vyako Kwanza, Kifaa Baadaye
(Teknolojia na Usomaji: Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliangalia jinsi skrini ya wino wa elektroniki inavyofanya kazi. Kwa aliyeikosa sehemu hiyo: ndani ya skrini mna vifuko vidogo sana, kila kimoja kikiwa na unene wa unywele hivi, na ndani ya kila kifuko chembe nyeupe na nyeusi zinaelea katika majimaji. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda na za rangi ya pili hushuka, na zikishatulia hukaa hapo bila kula umeme wowote. Ndiyo sababu chaji moja hufika wiki kadhaa, na kwa kuwa chembe hizo huakisi mwanga wa nje, ukurasa husomeka vizuri hata juani, mahali ambapo simu hugeuka kiza. Leo tunafika kwenye swali lenyewe: ununue kipi?

Wengi huanza na jina. Wanataka Kindle kwa kuwa ndilo jina walilolisikia. Kwangu mimi jina ni jambo la mwisho. Skrini za karibu vifaa vyote hivi, viwe vya Amazon, Kobo, PocketBook au Onyx Boox, hutoka kampuni moja, E Ink ya Taiwan. Hata vingi vya bei ya chini vya miaka hii vina nukta 300 kwa kila inchi, herufi zake zimekolea na betri zake zinadumu. Tofauti kubwa iko mahali ambapo matangazo ya madukani hayagusi: kifaa kinapokea faili za aina gani, na kitabu ulichokilipia kinabaki mikononi mwa nani. Kwa hiyo kabla hujaangalia bei, andika majina ya vitabu kumi unavyotaka kuvisoma mwaka huu, kisha tafuta kila kimoja kinapatikana wapi na kwa faili ya namna gani. Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia kifaa.

Nianze na PDF, maana huku ndiko wengi wetu tunakoumia. Mwanafunzi wa chuo ana nakala laini za mihadhara, mitihani ya miaka iliyopita, sheria, ripoti za serikali, tasnifu za waliomtangulia. Karibu zote ni PDF. Faili hiyo ilibuniwa ili ukurasa uonekane vilevile ulivyopangwa, popote utakapofunguliwa. Haukubali kupangwa upya kirahisi. Chukua rula upime. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Skrini ya inchi 6 ina upana wa sentimita 9 na ushei. Ukiuingiza ukurasa mzima humo, herufi iliyochapwa kwa ukubwa wa 12 inaonekana kama ya 5. Ukikilaza kifaa, upana unafika sentimita 12 na herufi inapanda hadi 7. Hapo inasomeka kwa kukaza macho, na kila ukurasa unausoma kwa vipande viwili. Ukiamua kuikuza zaidi kwa vidole, itabidi uusukume ukurasa kulia na kushoto kwa kila mstari, na skrini ya wino haina wepesi wa simu: kila msogeo huchelewa kidogo na kuacha kivuli cha maandishi yaliyotangulia. Anayesoma hivyo kwa ajili ya mtihani atakichukia kifaa kabla muhula haujaisha.

Kwa mtu wa namna hiyo, saizi ya kuanzia ni inchi 10 na kuendelea. Skrini ya inchi 10.3 ina upana unaokaribia sentimita 16, na herufi ya 12 inaonekana kama ya 9, ukubwa ambao msomaji wa gazeti ameuzoea. Kindle Scribe, Kobo Elipsa na baadhi ya Boox ziko kwenye daraja hilo, na zinakuja na kalamu ya kuandikia pembezoni mwa ukurasa. Bei yake ni kubwa. Scribe ya mwaka 2024 ilitangazwa Marekani kwa dola 400, wakati Kindle ya kawaida ya mwaka huohuo ilikuwa dola 110. Hata hivyo, ningemshauri mwanafunzi wa sheria au udaktari adunduize hadi afikie hiyo kubwa, au asinunue kabisa, kuliko kununua ndogo ambayo haitamfaa kwa kazi yake.

PDF zenyewe nazo zina tabaka. Ijaribu faili yako kwenye simu kabla ya kununua chochote: bonyeza neno moja ulishikilie. Likikolezwa rangi peke yake, faili hiyo ina maandishi, na kuna njia za kuisaidia. Lisipokolea, ulichonacho ni picha za kurasa zilizopigwa skani. Hakuna kutafuta neno, hakuna kubadilisha ukubwa wa herufi, hakuna kamusi. Kwa zile zenye maandishi, ipo Calibre, programu ya kompyuta ya bure iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, ambayo hugeuza faili za aina moja kuwa za aina nyingine. PDF ya maandishi ya kawaida yaliyopangwa safu moja hutoka vizuri kiasi. Yenye majedwali, fomula za hisabati au safu mbili hutoka vurugu tupu.

Msomaji wa riwaya, hadithi fupi, wasifu na vitabu vya dini yuko kwenye raha zaidi. Vitabu vya namna hiyo huuzwa kwa EPUB, kiwango kilichopitishwa mwaka 2007 na ambacho tangu 2017 kinasimamiwa na W3C, chombo kinachotunza viwango vya wavuti duniani. Ndani ya EPUB maandishi hutiririka: ukikuza herufi, mistari hujipanga yenyewe, na mzee mwenye macho hafifu anasoma kitabu kilekile anachokisoma mjukuu wake, kila mmoja kwa saizi yake. Hapa inchi 6 au 7 zinatosha kabisa.

Na hapa ndipo majina yanapoanza kuwa na maana. Kobo na PocketBook hufungua EPUB moja kwa moja: unachomeka waya, unanakili faili, unasoma. Kindle haifungui EPUB iliyonakiliwa kwa waya. Inakubidi uipitishe kwenye huduma ya Amazon, kwa barua pepe au kwenye tovuti yao, nao huigeuza kuwa aina yao ya faili na kuirudisha kwenye kifaa kwa Wi-Fi. Tangu 2022 huduma hiyo hupokea EPUB, na inafanya kazi vizuri. Ila inataka intaneti na akaunti iliyo hai. Kwa mkazi wa mjini mwenye bando, hilo si tatizo. Mwalimu aliye mbali na mtandao, anayeletewa vitabu kwa flashi, atafunga safari kila anapotaka kitabu kipya, labda awe na kompyuta na Calibre ya kumgeuzia faili.

Suala la umiliki lina uzito zaidi ya hapo. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja wake na kufuta nakala za 1984 na Animal Farm, vitabu viwili vya George Orwell, baada ya kugundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa pesa na Jeff Bezos akaomba radhi hadharani, lakini kila mtu alikuwa ameshaona kwamba mkono wa muuzaji unafika hadi kwenye kabati la mnunuzi. Miaka 10 baadaye, 2019, Microsoft ililifunga duka lake la vitabu pepe, na vitabu walivyonunua watu vikaacha kufunguka. Pesa zilirudishwa, vitabu havikurudi. Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyowaruhusu wateja kupakua kwenye kompyuta vitabu walivyonunua ili wavihamishe kwa waya.

Sisemi mtu asinunue Kindle. Duka lake ni kubwa mno, bei zake mara nyingi ni nafuu, na kwa anayesoma zaidi Kiingereza ni chaguo la busara. Ninachotaka aelewe ni kwamba kwenye duka linalofunga vitabu vyake kwa kufuli la kidijitali analipia ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo ina masharti. Kobo nayo huuza vitabu vingi vyenye kufuli, ingawa kufuli lake la Adobe linakubalika kwenye vifaa vya makampuni kadhaa. Mchapishaji akikuuzia EPUB isiyo na kufuli, mpe upendeleo, kisha hifadhi nakala mahali pawili: kwenye kompyuta na kwenye flashi. Kuhusu malipo, kwenye Amazon na Kobo njia ya kawaida ni kadi. Kenya, Safaricom na Visa walileta M-Pesa GlobalPay mwaka 2022, kadi ya mtandaoni inayokata pesa kwenye M-Pesa, hivyo asiye na akaunti ya benki naye anaweza kununua.

Na vitabu vya Kiswahili je? Hapa nasema kwa uchungu. Kifaa chochote kinaonyesha Kiswahili bila tabu, kwa kuwa herufi zetu ni za kawaida. Uhaba uko kwenye vitabu. Kwa watoto kuna African Storybook, mradi wa Afrika Kusini unaotoa bure hadithi kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa EPUB na PDF. Nairobi wapo eKitabu, wanaoshughulika na vitabu pepe vya shule. Lakini riwaya na tamthilia nyingi zilizotulea bado ziko kwenye karatasi peke yake, na zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni skani zilizoibwa, kurasa zimepinda, nyingine zimekatwa mstari wa mwisho. Mwandishi hapati hata senti, na msomaji anapata kitabu kibovu. Wachapishaji wetu wanaosema vitabu pepe vitaleta wizi waone kwamba wizi umeshafika. Kinachokosekana ni bidhaa halali ya kushindana nao. Mpaka hapo itakapopatikana, anayetaka kusoma fasihi ya Kiswahili zaidi ya chochote kingine atumie fedha yake kununua vitabu vya karatasi.

Uhaba huo uko kwenye kamusi pia. Gusa neno la Kiingereza au Kifaransa kwenye Kindle au Kobo, maana yake inajitokeza papo hapo. Kamusi ya Kiswahili haimo miongoni mwa zinazokuja na vifaa hivyo. Mwenye uzoefu kidogo wa kompyuta anaweza kuweka KOReader, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Kobo, PocketBook na vifaa vya Android, na kuiongezea kamusi kwa mkono. Programu hiyohiyo hukata kingo nyeupe za PDF na hujaribu kupanga maandishi yake upya. Kwa mwenye skrini ndogo, ni msaada mkubwa.

Skrini za rangi siku hizi zinatangazwa sana. Zile za E Ink Kaleido 3 zina nukta 300 kwa maandishi meusi lakini 150 tu kwa rangi, na weupe wa ukurasa wake umefifia kidogo kwa sababu ya kichujio cha rangi kilichowekwa juu. Kwa msomaji wa riwaya ni hasara. Yupo mmoja ambaye ningemshauri aifikirie: anayesoma msahafu wenye rangi za tajwidi. Msahafu wa namna hiyo hutaka ukurasa ubaki ulivyo, na hivyo tunarudi kwenye PDF na skrini pana, rangi zikiwa na kazi ya kumwelekeza msomaji wapi pa kuvuta na wapi pa kughunisha. Kwa kitabu cha picha cha mtoto, kishikwambi cha kawaida kinafaa zaidi na mara nyingi ni rahisi zaidi.

Mengine ni mepesi kuamua. Taa ya ndani ni ya lazima kwetu, umeme unavyokatika. Chagua yenye uwezo wa kugeuka rangi ya manjano usiku. Ujazo usikusumbue, kwani riwaya nyingi hazizidi megabaiti moja au mbili na GB 16 ni maktaba nzima. Alama ya IPX8 kwenye Kindle na Kobo humaanisha kifaa kinavumilia maji baridi, si ya chumvi, hadi mita 2 kwa saa nzima.

Kuvunjika, hata hivyo, kusipuuzwe. Chini ya tabaka la wino, vifaa vingi vina kioo chembamba, nacho ndicho kinachopasuka. Nje hutaona ufa. Utaona mistari au nusu ya ukurasa imeganda. Worldreader, shirika lililoanza mwaka 2010 kwa kupeleka Kindle kwenye shule za Ghana na baadaye Kenya, liliona vifaa vingi vikivunjika skrini katika majaribio ya mwanzo. Kwenye daladala au matatu iliyojaa, begi likibanwa na goti la jirani, hilo tu linatosha kukipasua. Bei ya kubadilisha skrini hukaribia ya kifaa kizima. Weka fungu la ganda gumu kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuna wanaonunua vilivyotumika, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi. Hakuna ubaya, ila kagua. Fungua kurasa kadhaa ukiangalia mistari na madoa. Ukiona matangazo kwenye skrini iliyolala, hiyo ni Kindle iliyouzwa kwa punguzo ili ionyeshe matangazo, si hitilafu. Kindle za zamani sana ziepuke: Agosti 2022 Amazon iliziondolea baadhi yake uwezo wa kununua vitabu zenyewe. Halafu ingia kwenye mipangilio uone imesajiliwa kwa jina la nani. Kindle iliyoripotiwa kuibwa hukataa akaunti mpya, na hakuna fundi wa mtaani wa kuifungua. Omba Wi-Fi ya dukani, jina la mmiliki wa awali liondolewe, usajili akaunti yako, kitabu kimoja cha bure kishuke ukisome kurasa mbili tatu. Muuzaji akikwambia hayo utayafanya nyumbani, kiache kifaa mezani kwake.