Kurudi kwa Nguvu za Aliyepandikizwa Kiungo: Imani Yataka Nidhamu

Askari amezoea kuupima ushujaa kwa mambo yaonekanayo: mwendo wa usiku wenye mzigo mgongoni, lindo la mvuani, uvumilivu mbele ya adui. Lakini upo ushujaa mwingine usiopigiwa tarumbeta, nao ni ule wa mgonjwa aketiye ukingoni mwa kitanda akikitazama kijiko cha uji kana kwamba ni mlima. Huyo ni mtu aliyepandikizwa figo au ini. Madaktari wamekwisha kutimiza wajibu wao mkubwa. Sasa umebaki wajibu wake yeye mwenyewe, nao ni wa kila siku.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Shinikizo la damu na kisukari, maradhi yaharibuyo figo za watu wengi, huingia kambini bila kusimamishwa langoni wala kuuliza cheo cha mtu. Tiba nayo imetusogelea. Huko Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2017. Hapa Uganda, hospitali ya Mulago ilifanya hivyo mwezi Desemba 2023, mwaka uleule ambao nchi ilipata sheria ya kutoa na kupandikiza viungo vya binadamu. Kwa hiyo yafaa tujue namna ya kuishi na mwenzetu arudipo kutoka hospitali.

Wapenzi wa kandanda watamkumbuka Éric Abidal, Mfaransa aliyekuwa mlinzi wa Barcelona. Mwezi Machi 2011 alipasuliwa kwa sababu ya uvimbe katika ini. Mwezi Mei mwaka huo akacheza fainali ya Ulaya mjini London, na nahodha wake akamwachia heshima ya kulinyanyua kombe. Hata hivyo ugonjwa ulirudi, na tarehe 10 Aprili 2012 akapandikizwa sehemu ya ini iliyotolewa na binamu yake. Tarehe 6 Aprili 2013 aliingia tena uwanjani katika mchezo wa ligi. Abidal ni Muislamu aliyesilimu ukubwani, wala hakuificha imani yake. Lakini tuzitazame vema tarehe hizo: kati ya kisu na kiwanja ulipita takriban mwaka mzima. Imani yake haikuufupisha mwaka huo. Alipaswa kuupita siku baada ya siku.

Kwa nini nguvu hukawia? Kwanza, mgonjwa huingia chumba cha upasuaji akiwa amekwisha kudhoofika. Figo zinaposhindwa kazi, uchafu hubaki katika damu, chakula hupoteza ladha, na kichefuchefu humfanya aichukie hata harufu ya jiko. Pili, misuli hupungua upesi mwili ulalapo kitandani. Tatu, baadhi ya dawa anazopewa husumbua tumbo. Basi mtu asidhani kwamba mgonjwa anayekisukuma kando chakula chake anadeka.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wetu aulizwe: ni kipi kinachopita kooni leo, na kwa kiasi gani? Milo midogo mitano au sita kwa siku humfaa kuliko sahani mbili zilizojazwa hadi ukingoni. Katika majuma ya kwanza mwili unahitaji sana vyakula vya kujenga, kama mayai, samaki, kuku na maharage, ili jeraha lipone na misuli irudi, kwa kadiri daktari alivyoagiza. Vyote viive barabara na kuliwa vingali moto. Maziwa mabichi, nyama isiyoiva na kachumbari ya kando ya barabara si vyakula vyake, kwa maana kinga yake imepunguzwa kwa makusudi. Balungi nalo aliepuke, kwa kuwa hubadilisha nguvu ya baadhi ya dawa hizo mwilini. Na mitishamba asiiguse bila kumwuliza daktari.

Kisha huja mtego wa pili. Mojawapo ya dawa hizo huweza kuamsha njaa kubwa, na yule aliyekuwa akibembelezwa kwa kijiko akaanza kumaliza sufuria. Uzito ukizidi, kisukari na shinikizo la damu hubisha hodi tena. Hamu ya chakula, kama farasi, hulishwa ili isimame, kisha hutiwa hatamu.

Mazoezi nayo yana utaratibu wake. Huanza kwa hatua chache kandokando ya kitanda, kisha ukumbini, kisha uani. Mizigo mizito haina nafasi katika majuma ya mwanzo. Kila mmoja wetu alipokuwa kuruta alifundishwa kutembea kwa hatua kabla ya kufundishwa kukimbia. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tufike penye hatari yenyewe. Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa lindo asiyepewa neno la siri: humwona mgeni, humtendea kama adui. Kiungo kipya ni mgeni huyo, na dawa ndizo zimzuiazo mlinzi asifyatue risasi. Mlinzi huyu hasahau, hata miaka ikipita. Humezwa kwa saa maalumu, mara nyingi asubuhi na jioni, muda wote kiungo kidumupo. Mgonjwa aliyenawiri, aliyeombewa na kushangiliwa, akiambiwa na rafiki kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani, naye akaziacha, huenda akakipoteza kiungo ambacho ndugu yake alipasuliwa ili kumpa.

Dini zetu hazikuagiza hivyo. Uislamu umemruhusu mgonjwa asifunge. Wakristo wamemhesabu Luka kuwa mwinjili na tabibu pia. Sala humpa mgonjwa sababu ya kumeza kijiko cha pili baada ya kile cha kwanza kumshinda. Humtuliza usiku wa homa na kumwondolea upweke. Dawa hukilinda kiungo. Kila moja ina zamu yake, wala hakuna iliyoamriwa kuacha lindo kwa sababu mwenzake yupo.

Ndugu askari, mwenzako arudipo, mwombee. Kisha umkumbushe saa ya dawa, umpikie chakula kilichoiva, utembee naye hadi mwisho wa uwanja wa gwaride kwa mwendo wake yeye. Na akipatwa na homa, usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali.