Pikipiki ya Mtumba Kwenda Mtumba

Ndugu msikilizaji, mtu akikuambia kuwa amenunua pikipiki ya mtumba ili aendee Mtumba, usidhani anakutania. Mtu huyo ni mimi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, kazi ya habari hapa imekuwa kazi ya mwendo. Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara ya Morogoro. Mwandishi anayetegemea daladala mara nyingi hufika mkutano umekwisha na viti vinakusanywa.

Ndipo nilipouziwa Honda Transalp ya cc 650. Hii ni pikipiki ya safari, ya jamii ile wanayopanda wageni wanaokatiza hapa Dodoma katika safari zao za kutoka Cairo kwenda Cape Town. Ina tangi la lita zipatazo 19, kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni. Binti yangu wa kidato cha pili alipoiona alisema, "Baba, kesho unipeleke shule na hii." Nikamjibu, "Kesho." Kesho hiyo ilichukua wiki tano, na sababu zake ndizo mazungumzo yangu ya leo.

Jioni ile ile nilisimama nyuma ya daladala, usukani ukiwa umekata kona kidogo. Nikabana breki ya mbele, nikateremsha mguu, mguu ukateleza juu ya mchanga uliotanda kwenye lami. Pikipiki ikalala, nami chini yake. Vijana wawili wa bodaboda walikuja wakaiinua, na mmoja akaniambia kwa upole, "Mzee, hii haishikiliwi kwa mguu."

Kijana yule alisema kweli. Pikipiki za bodaboda zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Yangu inapita 200. Tena sehemu kubwa ya uzito huo iko juu, maana petroli ya tangi lililojaa peke yake ni kama kilo 14. Ikiwa katika mwendo huusikii uzito huo. Ukisimama ndipo unapouona. Kwa hiyo asubuhi za Jumapili nilikwenda uwanjani kujifunza upya, mtu mzima, mbele ya watoto waliokuwa wakicheka. Nilijifunza kwenda polepole kwa kuachia klachi nusu na kugusa breki ya nyuma, macho yakitazama ninakokwenda badala ya kutazama gurudumu. Nilijifunza pia kunyoosha usukani kabla ya kusimama. Masanduku nayo niliyafungua nikayaacha nyumbani, kwa kuwa mjini yalinifanya niwe mpana kuliko nilivyojidhania.

Jambo la pili lilinitisha zaidi. Fundi aliniuliza, "Tairi umelisoma?" Nikamwambia nimelitazama, kashata zake bado ndefu, halina kipara hata kidogo. Akasema, "Sikusema kutazama, nimesema kusoma." Ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Langu la nyuma lilisomeka 2310, yaani juma la 23 la mwaka 2010. Raba huzeeka hata ikiwa stoo. Hukakamaa, hupata nyufa ndogo, na hushindwa kushika lami, hasa mvua ya kwanza inapochanganyika na vumbi na mafuta barabarani. Mimi nilikuwa nimemwahidi mwanangu kumpandisha juu ya raba ile!

Pikipiki ya mtumba ikiwa na kilomita chache, wengi hufurahi. Nawasihi mwulize kwanza ilikaa wapi miaka yote hiyo. Kuna vitu huzeeka kwa kutumika na vingine huzeeka kwa kukaa. Matairi, mipira ya petroli na oili ya breki ni vya kundi la pili. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na desturi nzuri ni kuibadilisha kila baada ya miaka miwili.

Jambo la tatu ni safari fupi. Siku ambazo siendi Mtumba, safari yangu ni kutoka Kisasa hadi mjini, kilomita chache tu. Kuwasha injini kubwa hula umeme mwingi wa betri, na mwendo wa dakika kumi hauurudishi wote. Aidha, injini isiyopata moto wa kutosha huacha maji na petroli ndani ya oili. Hivyo oili ya pikipiki hii naibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa safari ndefu, na mara moja kwa juma naipeleka mbali ili ipumue.

Kisha kuna vumbi letu. Kiangazi cha Dodoma ni upepo na mchanga, na chujio la hewa hujaa upesi. Mnyororo nao hutaka kusafishwa na kulainishwa mara kwa mara, kwa sababu vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa. Spea za bodaboda ziko kila mtaa. Za pikipiki hii ni za kuagiza. Waya wa klachi na vitambaa vya breki ninavyo akiba nyumbani.

Je, ninamshauri kila mtu anunue? La hasha. Lita moja hunipeleka kilomita 20 hivi, wakati ya bodaboda hupita 40. Asiyetoka nje ya mji, ndogo inamtosha. Anayekwenda mbali kila siku na anayetaka kubwa, basi alinganishe namba za chesisi na injini na zile za kwenye kadi kabla ya kutoa fedha, abadilishe jina la mmiliki TRA, na ahakikishe daraja la leseni yake linaruhusu ukubwa huo. Atenge pia fedha za matairi, na mwezi mmoja wa unyenyekevu.

Wiki ya sita, tairi jipya likiwa chini na kofia ngumu mbili zikiwa mkononi, nilimwambia binti yangu apande. Tulipofika shuleni aliniambia, "Baba, unaendesha polepole sana."

Nilifurahi mno. Hadi juma lijalo, kwaherini.